Eropleni ya Karnauba na Wenyewe Wake

Vyombo vya safari vina nasaba kama watu. Jahazi lina aliyeliunda, aliyelinunua, aliyelirithi na aliyelizamisha. Na mabaharia wa pwani husimulia habari za jahazi kwa kutaja majina ya wenyewe kabla ya kutaja bandari zake. Eropleni nazo zina nasaba ya namna hiyo, ila ni mara chache kupata mtu wa kuisimulia, kwa sababu chombo cha hewani hakidumu. Huchakaa, huvunjwa, huuzwa kama chuma kikuukuu, au huanguka. Eropleni inayosimuliwa hapa ilizama katika mwaka wa 1938, na hata hivyo imepata wenyewe wapya tangu wakati huo, jambo lisilotokea kwa vyombo vingi vilivyozama.

Ilikuwa ya aina iitwayo Sikorsky S-38. Aliyeibuni ni Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev, aliyeikimbia Urusi baada ya mapinduzi akafika Marekani katika mwaka wa 1919 bila mali. Karakana yake ya kwanza ilikuwa katika ua wa kufugia kuku, na wenziwe wengi walikuwa wakimbizi kama yeye. Katika shida hiyo aliokolewa na mwanamuziki Rachmaninoff, mkimbizi mwenziwe, aliyenunua hisa za dola 5,000. Miaka mitano baadaye, katika mwaka wa 1928, S-38 ya kwanza iliruka.

Haikuwa nzuri kwa macho. Tumbo lake lilikuwa na umbo la mashua fupi. Bawa la juu lilikuwa pana na la chini dogo mno. Mkia haukuungana na tumbo bali ulishikwa na miti miwili iliyotoka katika bawa la juu. Na injini mbili, kila moja yenye nguvu za farasi mia nne na zaidi, zilining'inia katikati ya mabawa. Watu wa siku zile walicheka wakasema kuwa si eropleni bali ni vipande vya eropleni vinavyoruka pamoja. Lakini chema chajiuza. Chombo hiki kiliweza kuondoka majini na kutua nchi kavu, au kinyume chake, kwa kuwa magurudumu yake yaliweza kuinuliwa na kuteremshwa. Na katika nchi zisizo na viwanja lakini zenye mito, maziwa na ghuba, fadhila hiyo ilishinda uzuri wote. Ziliundwa 101. Shirika la Pan American lilizitumia kuchukua barua katika Karibi na Amerika ya Kati. Gazeti la Chicago Tribune lilinunua moja likaipeleka kaskazini katika mwaka wa 1929, kwa nia ya kufika Berlin kwa njia ya nchi za barafu. Barafu ya bahari ikaichukua kabla haijavuka. Na matajiri walizinunua kama wengine wanunuavyo mashua za starehe.

Mmoja katika wanunuzi hakuitaka kwa starehe. Herbert Fisk Johnson alizaliwa katika mwaka wa 1899 huko Racine, mji ulio kando ya ziwa Michigan, akasomea elimu ya kemia. Babu yake alianza kwa kuuza mbao za kupamba sakafu. Wanunuzi wakamwuliza namna ya kuzitunza, naye akaanza kuwauzia nta ya kuzing'arisha, na nta ikawa biashara kubwa kuliko mbao zenyewe. Johnson alirithi kampuni hiyo katika mwaka wa 1928, baba yake alipofariki, akiwa hajatimiza miaka thelathini. Mwaka uliofuata ulileta dhiki kuu ya uchumi. Kampuni ilisimama, na sababu moja ni nta mpya ya maji, iliyotolewa katika mwaka wa 1932, ambayo ilikauka na kung'aa yenyewe bila ya kusuguliwa.

Nta hiyo ilihitaji karnauba. Mkarnauba ni mti wa ukoo wa mivumo na mikoma, wenye majani yaliyofunguka kama kipepeo, nao huota katika nchi kavu ya kaskazini mashariki ya Brazil, hasa katika majimbo ya Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte. Jua linapokuwa kali mti hufunika majani yake kwa utando wa nta ili yasipoteze maji. Watu huyakata majani kwa miundu iliyofungwa katika miti mirefu, huyaanika mpaka yanyauke, kisha huyapiga ili vumbi la nta lidondoke, na vumbi huyeyushwa likawa mabonge. Jani moja hutoa gramu chache tu. Lakini hapana nta ya asili iliyo ngumu kuliko hii. Haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 80, na mng'ao wake haushikiki kwa vidole.

Hofu ya Johnson ilikuwa nyepesi kueleza. Kiwanda kizima kilitegemea mti mmoja ambao yeye hajapata kuuona, katika nchi ambayo hajapata kuifikia, na hakujua kama mikarnauba iliyokuwapo ingetosha. Angeweza kutuma karani kwa meli. Badala yake alinunua S-38, akaiita Carnauba kwa jina la mti wenyewe, na katika Septemba 1935 akaondoka Milwaukee yeye na wenziwe wanne, wakashuka kwa njia ya Karibi na pwani ya Amerika ya Kusini mpaka Fortaleza, mji mkuu wa Ceará. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilichukua miezi miwili na maili zipatazo 15,000. Jibu lililopatikana lilikuwa la kutuliza moyo: miti ilikuwa mingi, na upungufu ulikuwa katika namna ya kuivuna.

Mwenye kusoma habari za safari hii huona upesi kuwa imeandikwa kwa upande wa wenye eropleni. Wakataji wa majani hutajwa kama sehemu ya mandhari. Kazi yao haikubadilika sana baada ya hapo. Katika miaka ya 2010 wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazil waliwakuta baadhi ya wavunaji wa karnauba wakilala nje au ndani ya magari, wakinywa maji yasiyo safi, katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo huihesabu kuwa inafanana na utumwa. Si haki kulitwika jambo hilo juu ya msafiri wa mwaka wa 1935. Lakini si haki pia kuiandika historia ya nta kana kwamba ilianza pale eropleni ilipotua.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na Johnson wengine wawili wenye S-38, na hawa walionekana Afrika ya Mashariki. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, majina tu ndiyo yaliyofanana, walikuwa wapiga picha za sinema waliokwisha kukaa miaka mingi Marsabit, kando ya ziwa walilolipa jina la Paradise. Walinunua amfibia mbili za Sikorsky: S-38 waliyoipaka milia ya punda milia na kuiita Osa's Ark, na S-39 ndogo yenye injini moja, waliyoipaka madoa ya twiga. Zilipelekwa kwa meli mpaka Cape Town katika mwaka wa 1933, kisha zikaruka kuja Kenya. Zilitua katika ziwa Rudolf, liitwalo leo Turkana. Zilipita juu ya makundi ya tembo na nyumbu. Zilizunguka vilele vya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Sinema ya Baboona, iliyotoka katika mwaka wa 1935, ndiyo matunda yake. Picha za kutoka hewani bado ni hazina, hasa kwa mtu atakaye kujua wanyama walikuwa wangapi. Maneno yaliyowasindikiza watu wa nchi katika sinema hizo ni ya dharau, wala hayafichiki. Na ile milia ilikuwa na akili ya biashara: eropleni yenyewe ilikuwa tangazo. Martin alikufa katika Januari 1937 kwa ajali ya ndege ya abiria huko California, mtu aliyerudi salama kutoka nyika na misitu ya mabara mawili.

Kwa Herbert Johnson, eropleni ilikuwa chombo cha kazi, na kazi ilipokwisha aliiuza. Wanunuzi walikuwa watu wa mafuta wa Shell. Katika mwaka wa 1935 kampuni ya mafuta ilikuwa imeundwa kwa ajili ya Guinea Mpya, upande uliotawaliwa na Waholanzi, Shell ikishirikiana na makampuni ya Kimarekani. Nchi ilikuwa misitu na vinamasi, bila njia wala ramani zilizo sahihi, na chombo kiwezacho kutua mtoni kilikuwa na thamani kubwa kwa wapima ardhi. Basi eropleni iliyotumwa kuutafuta mti ikatumwa kuyatafuta mafuta. Katika mwaka wa 1938 ilizama katika ghuba ya Manokwari, penye rasi ambayo Waholanzi waliiita Kichwa cha Ndege kwa umbo lake katika ramani. Kwa Kiswahili jina hilo lina maana mbili, na maana ya pili Waholanzi hawakuijua.

Hapa ndipo habari za umilikaji zingekoma kwa sheria. Johnson alikwisha kuuza, mnunuzi alikwisha kupoteza, na bahari ilikwisha kuchukua. Lakini Johnson alikuwa na mtoto wa kiume, Samuel, aliyekuwa na umri wa miaka saba baba yake alipoondoka Milwaukee. Mtoto huyo alikua na hadithi ya safari ile, akairithi kampuni, akaikuza katika mataifa mengi, na katika mwaka wa 1975 akaamuru kemikali zilizodhaniwa kuharibu tabaka la ozoni ziondolewe katika mikebe yake, kabla serikali haijamlazimisha. Kwa mambo ya dunia hakupungukiwa na kitu. Baba yake alifariki katika mwaka wa 1978. Katika sinema ya kumbukumbu zake iliyotoka mwaka wa 2001, Samuel alikiri kwamba baba alikuwa mtu wa mbali kwake, na kwamba kuifuata safari ya 1935 ilikuwa njia ya kumkaribia.

Alitafuta S-38, wala hakupata hata moja ya asili iliyoweza kuruka. Ikabidi iundwe upya. Kazi ilifanywa Owatonna, katika jimbo la Minnesota, na mafundi wa Buzz Kaplan, waliounda mbili kwa pamoja. Moja ilipewa jina la Spirit of Carnauba. Ya pili ilipakwa milia ya Osa's Ark. Katika mwaka wa 1998 Samuel, mwenye umri wa miaka sabini, aliruka na wanawe wawili mpaka Fortaleza kwa njia aliyopita baba yake.

Wapenzi wa vyombo vya kale hubishana kama chombo kilichoundwa upya kinastahili jina la asili. Kwa sheria ya mali jibu ni rahisi: ni chombo kingine. Lakini Samuel hakudai kuimiliki S-38 ya Shell. Alichokitaka ni safari, na safari haina hati. Eropleni ya pili ilikuwa njia tu ya kuifikia. Dai hilo lina nguvu kuliko wabishi wanavyokiri, ila lina upungufu mmoja: kuwa na fedha za kuirudia safari ya baba ni bahati ambayo watoto wa wakata majani wa Ceará hawakupewa.

Kaplan alikufa katika mwaka wa 2002, eropleni nyingine ya mtindo wa kale ilipoanguka naye huko huko Owatonna. Samuel alifariki katika mwaka wa 2004. Ile yenye milia ilionekana mwaka huo huo katika sinema ya The Aviator, inayohusu maisha ya Howard Hughes, kisha ikaingia katika mkusanyiko wa Kermit Weeks huko Florida. Hivyo milia ya punda milia iliyobuniwa kwa ajili ya nyika za Kenya ikafika Florida juu ya chombo kilichoundwa upya.

Watoto wa Samuel hawakuacha kuitafuta ile ya kwanza, na baada ya kifo cha baba yao mabaki yake yalipatikana chini ya maji ya Manokwari. Spirit of Carnauba haikuruka tena. Katika mwaka wa 2010 kampuni ilifungua huko Racine jumba la kioo lililochorwa na watu wa Norman Foster, likaitwa Fortaleza Hall, na eropleni ikatundikwa ndani yake kana kwamba imo hewani. Wafanyakazi hupita chini yake wakienda kula chakula cha mchana.