Maski ya kuonyesha na maski ya kukinga: somo la ziwa Kivu

Leo siandiki juu ya Lumumba wala juu ya mipaka iliyochorwa Berlin. Naandika juu ya kipande cha kitambaa, kwa sababu niko na deni nacho.

Tunaanzia hapa kwetu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, asubuhi ya 27 Mei, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba mitaa kumi ya Goma ihame haraka. Himbi haikuwa kwenye orodha. Lakini ardhi ilikuwa inatetemeka mchana na usiku, kuta zinapasuka, na nani angebaki nyumbani kusoma orodha? Wengine walishika njia ya Sake, wengine wakavuka Gisenyi. Mimi na mama mudogo wangu tuliteremka bandarini kutafuta boti ya Bukavu.

Kumbukeni ilikuwa bado wakati wa korona. Pale pa kupandia kulikuwa na mtu anapaza sauti: "Maski! Bila maski hakuna kupanda!" Watu wakafanya vile watu wanafanya. Aliyekwisha kupanda alivua yake, akaipitisha chini kwa ndugu yake, ndugu akapanda, naye akaipitisha kwa mwingine. Kwa macho yangu niliona maski moja ikipandisha watu watatu. Ndani ya boti tulibanana bega kwa bega, na maski zote zikashuka chini ya kidevu.

Mimi nilijiona mjanja. Nilikuwa na maski ngumu, nyeupe, yenye kidude cha plastiki mbele cha kutolea pumzi. Niliinunua Birere kwa bei ya kuumiza. Mama mudogo alikuwa na ya kitenge, imeshonwa na jirani. Nikamcheka: "Mama, hiyo yako iko ya kuendea ndoa." Akaniangalia tu, akasema: "Papa, yangu inaziba. Yako iko na dirisha."

Jibu lile nilikuja kulielewa kwa kuchelewa. Ndiyo maana leo nauliza swali ambalo kila msafiri wa boti au meli alipaswa kujiuliza: maski inayokubalika mlangoni ni ileile inayokinga? Historia inasema mara nyingi hapana.

Turudi nyuma kidogo. Madaktari wa upasuaji huko Ulaya walianza kufunika mdomo mwaka 1897: Mikulicz mjini Breslau, Paul Berger mjini Paris. Waliogopa mate yao yasiingie katika kidonda cha mgonjwa. Kwa hiyo tangu mwanzo maski ilivaliwa kwa ajili ya kumkinga mwenzako. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mwishoni mwa 1910 tauni ya mapafu ililipuka Manchuria, kaskazini mwa China. Serikali ikamtuma Harbin daktari kijana mwenye miaka 31, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesoma Cambridge. Yeye akasema ugonjwa huu unapita katika hewa, kutoka pumzi ya mtu hadi mtu. Akaagiza kila mhudumu afunge maski ya pamba ndani ya tabaka za shashi, yenye kamba ndefu za kukaza nyuma ya kichwa. Daktari Mfaransa mwenye cheo na umri kumzidi, Gérald Mesny, alimdharau. Akaingia hospitalini kuwapima wagonjwa bila maski. Siku chache baadaye, Januari 1911, Mesny alikufa kwa tauni ileile. Janga lile liliua watu wapatao 60,000.

Miaka saba baadaye ikaja homa kuu ya 1918. Mji wa San Francisco ukalazimisha maski. Lakini watu wengi walivaa shashi nyepesi yenye matundu ya kuonekana kwa macho, na Januari 1919 wakaunda hata jumuiya ya kupinga maski. Sheria ilisema "vaa", watu wakavaa chochote. Je, hamuoni bandari yetu hapo?

Sasa tuingie melini. Februari 2020 meli ya utalii Diamond Princess ilizuiliwa pale Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani, huku wafanyakazi wakiendelea kupika na kugawa chakula. Mwishowe zaidi ya watu 700 waliambukizwa. Dunia ikajifunza kwamba chombo cha majini ni nyumba ambayo huwezi kutoka. Hewa unayovuta ni ya jirani yako, upende usipende.

Ndiyo maana sheria za safari zikaanza kutaja aina za maski. Tangu tarehe 2 Februari 2021, taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilitaka kila msafiri wa ndege, basi, treni na meli afunike pua na mdomo, na ikaeleza kipi hakikubaliki: skafu au bandana peke yake, kola ya shati iliyovutwa juu, kitambaa chenye nyuzi zilizoachana, kioo cha plastiki cha uso bila maski, na maski yenye vali ya kutolea pumzi. Naam, ile yangu ya Birere. Amri hiyo ilidumu mpaka jaji mmoja wa Florida alipoifuta tarehe 18 Aprili 2022.

Kwa nini vali ikataliwe? Kwa sababu inachuja hewa unayoivuta, lakini unayoitoa inapita wazi bila kuchujwa. Inamlinda mwenye nayo na kumwacha jirani. Dirisha, kama alivyosema mama mudogo.

Na kitenge je? Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maski ya kitambaa iwe na tabaka tatu: ya ndani ya pamba inayonyonya unyevu, ya katikati ya kuchuja, ya nje isiyolowa haraka. Kwa hiyo kitenge kizito kilichofumwa kwa kubana, chenye tabaka za kutosha na kukaa vizuri usoni, si mchezo. Kipande kimoja chepesi ndicho mchezo. Maski ya hospitali inachuja vizuri kuliko kitambaa, ila pembeni inaacha nafasi, lazima ubane waya wa pua. Zile za N95 zinachuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, na FFP2 asilimia 94, lakini ni kama zimegandana na uso. Ndevu zikiingia kati, au kamba ikilegea, namba hizo zinabaki kwenye karatasi ya pakiti.

Swali la mwanahistoria: kwa nini sisi wa Goma tulishika maski vibaya wakati tulikuwa na uzoefu wa magonjwa kuliko miji mingi? Jibu langu ni hili: tulikuja na uzoefu wa ugonjwa mwingine. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Goma Julai 2019, ikatangazwa kuisha 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Ebola inapita kwa kugusa maji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Basi tukazoea ndoo ya maji ya klorini na termoflashi kwenye paji la uso, bandarini, kanisani, shuleni. Korona ilipotufikia mwaka 2020, Ebola ilikuwa haijatangazwa kuisha. Tukanawa mikono, tukapimwa joto, tukajiona tumemaliza. Pumzi hatukuizoea. Maski ikawa kitu cha kumwonyesha askari, kama karatasi ya kodi.

Tabia hiyo haiishi kwa maski tu. Mnakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, karibu kabisa na kufika, watu wakiwa ufukweni wanatazama. Makumi ya watu walikufa. Tangu siku ile nikiona jaketi la kuogelea limewekwa chini ya kiti, au linavaliwa kwa kuondoka kisha linavuliwa, naona ile maski iliyopandisha watu watatu. Kitu cha kukinga kikigeuka kuwa tiketi, kinaacha kukinga.

Sasa deni langu. Bukavu tulifikia kwa ndugu, watu kumi na mbili katika vyumba viwili. Siku ya tatu mimi nilikohoa kidogo, nikaona ni vumbi la volkano. Siku ya saba mama mudogo akalala na homa. Hakupimwa, hakufa, tunashukuru. Lakini pua yake ilikufa. Mama mudogo anauza sambaza, ndugu zangu. Kazi yake yote iko ku pua: anainama kwenye beseni mara moja, anajua samaki wa jana na samaki wa leo. Tuliporudi Goma alikuwa anamwita mtoto wa jirani amnusie, na mara mbili aliuza vibaya, wateja wakamrudishia beseni mbele ya watu. Ilichukua miezi mingi harufu irudi, na mpaka leo anasema haijarudi yote.

Siwezi kuapa kwamba ilitoka kwangu. Boti ile ilikuwa na pumzi za watu wengi. Lakini saa kadhaa nilikaa ubavuni mwake nikiwa nimejilinda mwenyewe, na dirisha langu limemwelekea yeye.

Kwa hiyo, ugonjwa wa pumzi ukirudi, na historia inasema hurudi, ukiwa unajiandaa kupanda boti jiulize mambo manne. Moja: inafunika pua na mdomo mpaka chini ya kidevu, bila mwanya? Mbili: haina vali? Tatu: ukiinua kitambaa juani, mwanga unapita kama kwenye chujio? Ukipita sana, kiache. Nne: uko na ya pili kwenye mfuko mkavu? Mawimbi ya Kivu yakirusha maji, maski iliyolowa haifai tena. Na kama kuna nafasi juu kwenye upepo, kaa juu. Hewa ya wazi inasaidia kuliko maski nyingi.

Nilimsomea mama mudogo maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na ile yako ya dirisha uliipeleka wapi?" Nikamwambia niliitupa. Akasema: "Ungeniletea. Ningeshona kitambaa pale kwenye tundu."

Ninyi mlisafiri vipi mwaka ule? Andikeni hapa chini, tuandike historia yetu wenyewe kabla wengine hawajatuandikia.