Filamu za mizimu na majini (maoni ya watazamaji)

Filamu za mizimu na majini ni tawi la filamu za kutisha ambalo adui wake si binadamu wa kawaida: mfu aliyerudi, pepo aliyetumwa, jini aliyejivika umbo la mwanamke. Huko Rusizi nchini Rwanda, sehemu ya uliokuwa mkoa wa Cyangugu kabla ya mageuzi ya utawala ya 2006, watazamaji wake hudhaniwa kugawanyika kati ya wanaoamini mizimu na wasioamini. Mgawanyiko huo umekosewa mahali. Filamu ya mzimu hupokewa kama ushahidi, na ubishi wote ni juu ya shahidi.

Chanzo

Kielelezo kilichofuatwa na wengi ni Living in Bondage ya Nigeria (1992), iliyotayarishwa na Kenneth Nnebue na kuongozwa na Chris Obi Rapu. Mhusika mkuu, Andy, anamtoa kafara mkewe Merit apate utajiri, mzimu wa mke unamwandama mpaka anarukwa na akili, na anapona mikononi mwa walokole. Karishika, ya miaka ileile ya tisini, ilizidisha chumvi kwa malkia wa mapepo aliyetumwa na Lusifa kupotosha watu. Dar es Salaam, Mussa Banzi alitoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005; hii ya pili haifichi deni lake kwa Karishika.

Wanaocheka na wanaoogopa

Lawama ya kwanza ni ya ufundi, na ni ya haki. Ili jini atoweke, kamera husimamishwa, mwigizaji hutoka, kamera huwashwa tena. Mwenye jicho kali huona mkunjo wa pazia umeruka na kivuli kimehama ukutani. Sauti ya kuzimu ni ya mwigizaji yuleyule, imepunguzwa kasi tu. Watu huangua kicheko. Kutokana na hapo imezoeleka kusema kwamba anayecheka ni mjanja wa mjini asiyeamini mizimu, na anayefumba macho ni mshamba. Maelezo hayo ni mepesi mno. Anayecheka amesema jini huyu ni wa bandia. Hajasema majini hayapo. Kicheko chake kinadai kwamba anajua jini wa kweli angekuwaje, na huyu hakufikia kipimo.

Namna hiyo ya kupima ina mfano wake Rwanda, tena nje ya sinema. Novemba 1981, mwanafunzi wa Kibeho, Alphonsine Mumureke, alisema ametokewa na Bikira Maria. Wenzake walimdhihaki, na miongoni mwa waliovuma kwa dhihaka hiyo alikuwa Marie Claire Mukangango, ambaye mwaka uliofuata alisema naye ametokewa. Kanisa lilichunguza kwa karibu miaka ishirini. Tarehe 29 Juni 2001, Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitambua ushuhuda wa watatu tu, pamoja na Nathalie Mukamazimpaka, ingawa waliodai kutokewa walikuwa wengi zaidi. Hakuna aliyepoteza muda kuuliza kama wa mbinguni anaweza kuonekana duniani. Swali lilikuwa nani aaminiwe.

Mtu atapinga kwamba sinema ni maigizo, kila mmoja anajua hivyo, na watu hulipa ili watishwe, basi. Ni kweli wanalipa. Lakini hakuna anayezima filamu ya Rambo akihofia risasi zitatoka kwenye kioo, ilhali wapo wanaokataa filamu ya pepo isiwashwe nyumbani, kwa kuwa kumwonyesha pepo ni kumkaribisha. Wala hofu hiyo si ya Waafrika peke yao. The Exorcist ya William Friedkin (1973) ilizimisha baadhi ya watazamaji Marekani na kuwachekesha wengine. Padre Mjesuiti, William O'Malley, aliigiza ndani yake kama padre, huku waumini wengine wakiiona ni mlango wa shetani. Filamu moja ikawa mahubiri na kufuru kwa wakati mmoja.

Wapo pia wasiotaka kuona damu ya maigizo kwa sababu ya yale waliyoyaona katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hao hawamo katika ubishi huu.

Mtafsiri

Rwanda, mabishano haya yana shahidi wa ziada: sauti ya agasobanuye. Mtafsiri hupunguza sauti ya filamu na kusimulia juu yake kwa Kinyarwanda, akiongeza mizaha, misemo ya mtaani na majina ya utani kwa wahusika. Mzimu uliokusudiwa kugandisha damu unaweza kugeuka kichekesho kabla haujafungua kinywa, na kwa hiyo wawili wanaobishana juu ya filamu moja huenda hawakutazama kitu kimoja. Pale Kamembe, mji wa Rusizi ulio ng'ambo ya Bukavu ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na mpaka, kanda ya Dar es Salaam haimhitaji mtu huyo. Ya Lagos inamhitaji.

Hali ya sasa

Siku hizi filamu hizi nyingi hutazamwa kwenye simu. Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga na aliyevuma kuliko watafsiri wengi wa agasobanuye, aliiacha kazi hiyo akawa mhubiri. Alifariki Afrika Kusini mwaka 2022.