Gololi Nyeusi

Nilipokuwa kidato cha pili, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikamatwa. Kichanga chake kilikuwa kimeokotwa chooni, bado kinapumua. Mtaa mzima tulitoka kumtazama akipandishwa kwenye gari la polisi. Wanawake walimwuliza swali moja tu: "Kwa nini hukumpeleka mahali?" Hakuna aliyemtajia mahali penyewe.

Swali lile lilinirudia miaka mingi baadaye, nikiwa mbele ya kabati la vioo katika makumbusho ya Foundling Museum, London. Ndani mna sarafu zilizochongwa, vifungo na vikorokoro vingine vidogo. Akina mama waliviacha pamoja na watoto wao, ili siku wakirudi waweze kuthibitisha yupi ni wao. Waliorudi walikuwa wachache.

Nyumba ile ilianzishwa na Thomas Coram, nahodha aliyeshindwa kuzoea kuona vichanga vimetupwa kando ya barabara. Alibisha hodi kwa wakubwa kwa miaka 17, hadi Mfalme George wa Pili akatoa hati mwaka 1739. Usiku wa tarehe 25 Machi 1741 mlango ulifunguliwa. Aliyeleta mtoto hakuulizwa jina wala kisa. Nafasi zilijaa usiku uleule, na waliobaki nje wakaondoka na watoto wao mikononi.

Mwaka 1742 ikaanza kura. Mama alitia mkono mfukoni na kutoa gololi. Nyeupe: mtoto anapokewa, akikutwa hana maradhi. Nyekundu: asubiri, huenda nafasi ikapatikana. Nyeusi: arudi naye alikotoka. Matajiri walikuja kutazama.

Mwaka 1756 Bunge lilitoa fedha kwa sharti kwamba watoto wote wapokewe. Hadi mwaka 1760 walikuwa wameingia karibu 15,000, na wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Bunge likaacha kugharamia mpango huo. Kumbe kufungua mlango ni kazi moja, na kumlea aliyepita mlangoni ni nyingine.

Hata hivyo, wazo la kutouliza halikufa. Mwaka 1999 jimbo la Texas, Marekani, lilitunga sheria ya kumwezesha mzazi kukabidhi mtoto mchanga hospitalini bila kushtakiwa kwa kumtelekeza, ilimradi mtoto hajadhuriwa. Kufikia mwaka 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Kwetu, Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza ingali na kosa la kuficha kuzaliwa kwa mtoto. Siitetei chooni. Kichanga kile kilikaribia kufa, na kilikuwa na haki ya kuishi kama mimi. Lakini nikikumbuka siku ile, simwoni binti peke yake. Najiona na mimi, nimepanda juu ya tofali ili nione vizuri.