Miguu Iliyoteremka Same

Mtu wa pwani aliyezoea miji yenye bandari, vichochoro na baraza za mawe, akifika Same kwa mara ya kwanza huenda asione cha kumsimamisha. Mji umekaa chini ya Milima ya Upare, upande mkavu usiojaaliwa mvua nyingi. Barabara kuu iendayo Moshi na Arusha hupita hapo, na reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, iliupa kituo. Hauna ngome wala gofu la kale la kumwonyesha mgeni. Hata hivyo, ni miji michache ya Tanzania iliyopata kuingiwa kwa miguu kama ulivyoingiwa Same mnamo Januari 1945.

Yafaa kwanza tuwatazame hao walioingia. Upare ni nchi ya mlimani. Kilele chake cha Shengena kinapita mita 2,400, na maisha ya watu wake yalikuwa huko juu, penye migomba, kahawa, mifugo, na zile ndiva walizozichimba tangu zamani ili kuhifadhi maji ya kunyweshea mashamba. Kwa wengi wao mji ulikuwa jambo la kusikia. Same ndipo lilipokuwa boma la wilaya, na boma halikuwa mahali pa matembezi. Mtu aliteremka huko akiwa ameitwa, na aliyeitwa na boma hakuitwa kwa heri.

Safari hii waliteremka bila ya kuitwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, serikali ya Kiingereza, kupitia baraza la machifu tisa wa Upare, ilileta kodi mpya iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Ikaitwa mbiru, jina lililokopwa katika ada za zamani za Wapare, kana kwamba jina la nyumbani lingetosha kuufanya mzigo wa kigeni uwe mwepesi. Watu hawakudanganyika na jina. Nani ataipima mali ya mwenzake, na kwa mizani gani? Mkadiriaji alikuwa mtu wa chifu, na chifu mwenyewe alikuwa mtu wa boma. Mashauri yalipofanyika mlimani bila ya kusikilizwa, na Paulo Mashambo wa Mamba akiwa miongoni mwa waliosimama mbele, watu walikata shauri la kuipita milango ya machifu na kwenda kubisha hodi kwa mwenye amri.

Basi wakashuka, maelfu, na mkuu wa wilaya akakataa kujadiliana nao. Wao nao hawakuondoka. Wahenga wetu wamesema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walipitisha hiyo siku ya tatu, na majembe yao walikuwa wameyaacha mlimani. Walikaa. Mji uliojengwa ili mkulima aje, ainamishe kichwa, alipe na aende zake, ukajikuta umejaa wakulima waliokwisha kuizoea mandhari yake na wasioona tena haja ya kuuogopa.

Ukaaji wa namna hiyo hauwezekani bila ya chakula, na hapa ndipo inapoingia sehemu ya wanawake, ambayo aghalabu husimuliwa kwa haraka. Wao ndio waliobaki na mashamba, na wao ndio waliowalisha waume waliokuwa Same. Kisha wakaingia shaurini wenyewe. Wanawake wa Usangi walimkabili ofisa wa Kiingereza wakamwambia kwamba, maadamu amewazuilia waume zao, basi ama awarudishe, ama awatie mimba yeye. Neno hilo lilikuwa kali, nalo lilikusudiwa liwe kali. Yule aliyejua kuhesabu mali ya kila nyumba alikuwa sasa anaulizwa juu ya hesabu asiyoiweka katika daftari lake.

Wapenzi wa historia ya pwani watakumbuka migomo ya miaka ile ile: Mombasa na Dar es Salaam mwaka 1947, Unguja mwaka 1948. Huko mchukuzi na mfanyakazi wa bandarini waliizuia mikono yao, na mji ukasimama. Mkulima wa Upare hakuwa na tajiri wa kumnyima mikono, kwani shamba lilikuwa lake na njaa ingekuwa yake. Alichokuwa nacho ni miguu. Mtu wa mjini aligoma kwa kuacha kazi. Mtu wa mlimani aligoma kwa kwenda mjini na kuketi.

Ghasia ziliendelea Upare hadi mwaka 1947, na mbiru ikafutwa. Mwaka 1946 ulikuwa umekwisha kuundwa Umoja wa Wapare, miaka minane kabla ya TANU. Mwanahistoria Isaria Kimambo, naye mwana wa milima hiyo, aliyaandika mambo haya katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1971. Pasingekuwapo kazi kama hiyo, huenda yangebaki kuwa hadithi ya wazee wa Usangi na Mamba tu.

Usangi sasa umo katika wilaya ya Mwanga, iliyokatwa kutoka Upare mwaka 1979, na Mamba inajulikana zaidi kwa tangawizi yake. Wanaoteremka Same leo huja sokoni, hospitali, au kungoja basi, na hapana anayewauliza wameitwa na nani. Wahenga wamesema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa pwani atakayeutembea mji huu na asione jengo la kumsimamisha, na asimame hivyo hivyo, autazame mlima, kisha akadirie umbali wake kwa miguu.