Msondo na Sikinde, Ukisikiliza Kutoka Maparoni

Wanaosimulia muziki wa dansi wa mwisho wa miaka ya sabini hupenda kuanza na bendi kumegana. Hawakosi ushahidi. Mwaka 1978 Muhiddin Maalim Gurumo aliiacha Juwata Jazz, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA, akaungana na kina Michael Enoch na Abel Balthazar katika Mlimani Park iliyokuwa ndiyo kwanza inaundwa. Mwaka huohuo Remmy Ongala aliingia Dar es Salaam kutoka Zaire kupigia Orchestra Makassy, na huko Nairobi Simba Wanyika ikapasuka, ikazaliwa Les Wanyika. Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake: Juwata kwa Msondo, Mlimani kwa Sikinde, Maquis kwa Kamanyola, Dar International ya Marijani Rajabu kwa Super Bomboka. Masimulizi haya yana kasoro moja: hayatoki nje ya ukumbi. Ukiyasikiliza kutoka Maparoni, kata ya delta ya Rufiji inayofikwa kwa maji, katikati ya mikoko, unaona kwamba lililokuwa likitokea lilikuwa kubwa kuliko ugomvi wa wanamuziki. Muziki wa mjini ulikuwa ukijitambulisha upya kwa majina ya ngoma za mwambao.

Msondo ni ile ngoma ndefu na nyembamba ya unyago, na Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, majirani wa Wandengereko na Warufiji. Majina hayo hayakuokotwa hewani. Boriti za mikoko zilisafiri kwa majahazi kutoka delta hadi Dar es Salaam na hata Arabuni, na watu walisafiri vilevile. Utafiti wa J.A.K. Leslie kuhusu jiji hilo, uliochapwa mwaka 1963, uliwahesabu Warufiji miongoni mwa makundi makubwa ya wakazi wake. Kwa hiyo mtu aliyelipa kiingilio kwenda kumcheza Gurumo mara nyingi alikuwa mtoto au mjukuu wa pwani hiyohiyo, mwenye jamaa zake huku nyuma kwenye mashamba ya mpunga. Bendi iliyojiita Sikinde ilikuwa ikimwita kwa jina la kwao.

Mpinzani atasema majina hayo yalikuwa kibandiko tu, kwa kuwa magitaa, tarumbeta na mwendo wenyewe ulikuwa rumba ya Kongo. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi: Kamanyola lilikuwa jina la vita vya Zaire, na Maquis walikuja nalo. Lakini kibandiko hakichaguliwi ovyo. Bendi hazikuishi kwa santuri, maana nchi haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, na mpaka wa Kenya, ambako zilikuwa zikichapwa, ulifungwa mwaka 1977 na kubaki hivyo hadi 1983. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania na kanda zikabaki hukohuko. Fedha ilipatikana mlangoni mwa ukumbi. Katika hali hiyo jina la mtindo ndilo lililokuwa mali ya bendi, na msikilizaji wa visiwa vya delta, asiyeweza kwenda Mlimani Jumamosi usiku, alilipata kutoka kwa mtangazaji. Bendi iliyotaka kupendwa na watu wengi wa mwambao kwa mkupuo mmoja ilikuwa na sababu ya kuchagua kitu walichokwisha kukicheza bila gitaa.

Wapo pia wanaosema kwamba yote yalikuwa kazi ya serikali. Ni kweli kwamba mwezi Desemba 1962, akiunda wizara ya utamaduni, Nyerere aliwasuta waliojua twist na waltz huku gombesugu na lelemama hawajawahi hata kuzisikia. Ni kweli pia kwamba vyombo vya bendi nyingi vilinunuliwa na mashirika ya umma na jumuiya za chama. Ila tangu hotuba ile hadi Sikinde imepita miaka 16, na kama amri ingetosha, wenye dansi wangeitii mapema zaidi. Serikali ilitoa vyombo na studio; jina lilitoka kwa watu waliojua nani yuko ukumbini. (Maofisa utamaduni wa enzi hizo, nadhani, wasingewashauri wanaume wa mjini waite muziki wao kwa ngoma ya unyago.)

Ushahidi ulio mzito kuliko wote umekuja baadaye. Mlimani ilianza chini ya shirika la teksi, ikachukuliwa na shirika la DDC mwaka 1983, na mashabiki wake wakaendelea kuiita Sikinde. NUTA iligeuka JUWATA, JUWATA ikageuka OTTU katika miaka ya tisini, na kila mara bendi ilibadilishiwa jina kufuata mwenye vyombo. Ilipobaki bila jumuiya ya kuitegemea, ilijiita Msondo Ngoma.