Kuchomwa kwa Teldrassil: Mgogoro wa Fanani na Hadhira katika Mchezo wa World of Warcraft

Katika historia fupi ya michezo ya kompyuta ni matukio machache ya kubuni yaliyozua malalamiko makali kama kuchomwa kwa mti wa Teldrassil mnamo mwaka 2018. Mti huo haukupata kuwako duniani. Ulibuniwa na kampuni ya Blizzard Entertainment, yenye makao yake mjini Irvine katika jimbo la California, Marekani. Hata hivyo, watu waliokuwa wakiingia mjini mwake kila jioni kwa miaka kumi na zaidi waliusikitikia kama watu waliohamishwa kwao, na wengine waliokuwa upande wa washambuliaji walikataa kabisa kukubali kwamba ni wao waliouteketeza. Suala linalochunguzwa hapa ni kwa nini hadithi iliwaudhi wasikilizaji wake kiasi hicho, na kwa nini wengi wao, pamoja na kuudhika, hawakuacha kuisubiri.

World of Warcraft ulitolewa Marekani tarehe 23 Novemba 2004, na Ulaya mwezi Februari 2005, ukiwa tayari na matoleo ya Kifaransa na Kijerumani. Ulikuwa mwendelezo wa hadithi iliyoanzishwa na mchezo Warcraft: Orcs & Humans wa mwaka 1994. Mchezaji hulipa ada ya kila mwezi, hujichagulia mhusika, kisha huingia katika dunia iitwayo Azeroth ambamo maelfu ya wenzake wamo wakati ule ule. Jambo la kwanza analotakiwa kuamua ni upande wake. Alliance ni muungano wa wanadamu, mbilikimo wa milimani, Elfi wa Usiku na wengineo. Horde ni umoja wa Maorki na makabila mengine yaliyofukuzwa au kudharauliwa, pamoja na wafu waliojikomboa kutoka utumwani. Takriban kila miaka miwili kampuni hutoa nyongeza kubwa yenye nchi mpya na sura mpya ya hadithi, nayo huuzwa kando na ada ya mwezi.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kusema kwamba fanani na hadhira hukutana ana kwa ana, na kwamba hadhira huweza kuitikia, kudakiza, hata kumrekebisha msimulizi anapokosea. Katika mchezo wa aina hii uhusiano huo umegeuzwa kwa namna isiyo ya kawaida. Hadhira ndiyo inayotenda: yenyewe hupanda farasi, huvuka bahari, humwua mfalme mwovu. Lakini haina neno juu ya litakalofuata, kwa kuwa fanani ni ofisi ya waandishi walio mbali, nao huamua miaka miwili kabla. Mchezaji ni mtendaji asiye na hiari, na asili ya mgogoro wote ni hapo.

Kwa miaka mingi hali hiyo haikumsumbua mtu, kwa sababu fanani alitimiza ahadi zake. Mfano unaokumbukwa zaidi ni kisa cha Arthas. Katika Warcraft III ya mwaka 2002 mchezaji alimwongoza mwana huyu wa mfalme hatua kwa hatua mpaka akamwua baba yake mzazi, na katika nyongeza ya mwaka 2003 Arthas alijifanya mtawala wa wafu. Deni hilo la masimulizi lilibaki wazi hadi nyongeza ya Wrath of the Lich King ya Novemba 2008, ambayo mwisho wake ulimpeleka mchezaji kwenye kiti cha barafu cha Arthas mwenyewe. Mwezi Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba walipaji ada walikuwa wamefikia milioni 12. Haiwezi kudaiwa kwamba idadi hiyo ilitokana na hadithi peke yake. Lakini tangu wakati huo kila kisa kilichofuata kilipimwa kwa kipimo cha Arthas.

Dalili za kwanza za kuvunjika moyo zilionekana wazi katika Warlords of Draenor, ya Novemba 2014. Nyongeza ilipotoka, wachezaji walirudi hata wakapita milioni 10. Katikati ya mwaka 2015 walikuwa wamebaki milioni 5.6, na baada ya taarifa moja zaidi, ya milioni 5.5, kampuni iliacha kutangaza hesabu hiyo. Wengi walilalamikia uchache wa kazi za kufanya. Waliofuatilia hadithi walikuwa na neno la ziada: Grommash, kiongozi wa jeshi ambalo walipigana nalo tangu siku ya kwanza, mwishoni alisimama pamoja nao akishangilia ukombozi wa nchi, bila mtu kumwuliza habari ya waliouawa kwa amri yake. Hilo lilikuwa kosa dogo likilinganishwa na yaliyokuja baadaye, lakini lilikuwa la aina ile ile.

Teldrassil ulikuwa mti mkubwa mfano wa kisiwa, na juu yake ulijengwa Darnassus, mji mkuu wa Elfi wa Usiku. Tangu mwaka 2004 wahusika wapya wa taifa hilo walianzia maisha yao chini ya matawi yake. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano alipoanza kucheza alikuwa karibu na thelathini mti ulipoungua. Humo pia walipewa hifadhi watu wa Gilneas, ambao mji wao ulivamiwa na majeshi ya Horde katika nyongeza ya Cataclysm ya Desemba 2010.

Mwishoni mwa Julai 2018, majuma machache kabla ya nyongeza ya Battle for Azeroth kutoka tarehe 14 Agosti, Horde iliingia pwani ya Darkshore. Aliyeongoza vita alikuwa jemadari mzee, Saurfang, ambaye nia yake ilikuwa kuuteka mji na kuushika kama rehani ya amani. Mkuu wake, malkia Sylvanas, aliamuru mti uchomwe pamoja na waliokuwamo. Wachezaji wa Alliance walipewa dakika chache za kuokoa raia ndani ya moshi, na idadi waliyotakiwa kuiokoa ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuifikia. Ilikuwa kazi iliyotungwa ili ishindikane. Kwa upande wa masimulizi ni sehemu yenye nguvu kuliko zote za nyongeza ile, na hata wakosoaji wakali waliikubali.

Kwa wachezaji wa Horde mambo yalikuwa mengine. Wao walikuwa wameivuka pwani nzima wakiwaua walinzi na kusafisha njia, maana hapakuwa na njia nyingine ya kuendelea na hadithi. Wengi walikuwa wamechagua upande huo miaka mingi nyuma kwa sababu uliletwa kwao kama kimbilio la wanyonge wenye heshima. Sasa walijikuta washiriki wa mauaji ya halaiki, tena bila kuulizwa. Katika majuma ya kabla wengi walikuwa wamebashiri kwamba ingefunuliwa siri fulani, kwamba mti ulichomwa na mtu mwingine au kwa bahati mbaya. Filamu fupi ya tarehe 31 Julai ilimwonyesha Sylvanas akitoa amri hiyo waziwazi, kwa hasira dhidi ya adui aliyekuwa akikata roho. Sababu za ndani za vita zilielezwa kwa urefu katika hadithi mbili zilizotolewa nje ya mchezo, A Good War ya Robert Brooks na Elegy ya Christie Golden, na hilo nalo likawa lawama: kwa nini mchezaji aliyefika mwenyewe kwenye tukio alazimike kulisoma kwingine ili alielewe?

Baadaye kampuni ilijaribu kuwapa hiari. Wachezaji wa Horde waliruhusiwa kuchagua kati ya kumtii Sylvanas na kumfuata Saurfang aliyeasi. Lakini mikondo yote miwili iliishia kwenye lango lile lile: mwezi Septemba 2019 Saurfang aliuawa katika pambano la watu wawili, Sylvanas akaikana Horde mbele ya watu wote, akatoweka. Waliomtii kwa mwaka mzima walipata maneno machache ya kuagwa. Uchaguzi usiobadili kitu huenda huumiza kuliko kutokuwa na uchaguzi, kwa kuwa humfanya mtu aamini kwa muda kwamba anasikilizwa.

Pamoja na hayo yote, Battle for Azeroth iliuzwa nakala zaidi ya milioni 3.4 katika siku yake ya kwanza, na Shadowlands, iliyotoka tarehe 23 Novemba 2020, zaidi ya milioni 3.7. Waliolalamika ndio walionunua. Walitarajia kwamba huko kuzimu, ambako nyongeza hiyo ya pili iliwapeleka, wangeelezwa sababu ya moto. Walielezwa kwamba Sylvanas alikuwa ameshirikiana na mfungwa wa kale aitwaye Zovaal, naye ndiye aliyekuwa nyuma ya mambo mengi ya zamani, hata yale ya Arthas. Hapo ndipo subira ya wengi ilipokwisha. Kumweka mtu mpya nyuma ya matendo ya zamani ni kuwanyang'anya watendaji wa kwanza dhambi zao, na mhusika asiye na dhambi yake mwenyewe hana hadithi. Arthas, aliyesubiriwa kwa miaka sita, alipewa mwaka 2022 dakika chache tu: cheche dhaifu ya roho yake ilisemeshwa na Sylvanas, ikazimika. Zovaal naye alikufa akiwa ameacha fumbo juu ya hatari nyingine ijayo. Sylvanas alihukumiwa na Tyrande, kiongozi wa Elfi wa Usiku, azitafute na kuzikomboa roho zilizofungwa katika shimo la kuzimu. Kati ya hitimisho zote za nyongeza hiyo, pengine hukumu hii ndiyo iliyofaa zaidi, kwa sababu iliwataja waliokufa.

Wako waliodai kwamba mashabiki hawa walikuwa wakidai mwisho mwema tu, kama wasomaji wa Uingereza waliomkasirikia Arthur Conan Doyle alipomwua Sherlock Holmes mwaka 1893, hata mwandishi akalazimika kumfufua mwaka 1903. Ulinganisho huo hautoshi. Wasomaji wa Doyle walitaka mtu wao arudishwe. Wachezaji wengi wa Azeroth hawakudai mti ufufuke, wala hawakukataa msiba. Walichodai ni kwamba hadithi ikumbuke: aliyeua aulizwe, aliyepoteza nyumba aonekane hana nyumba, na aliyetii amri mbaya apate nafasi ya kuijibu. Ni kweli kwamba si malalamiko yote yaliyokuwa na adabu, na baadhi yalikuwa matusi matupu dhidi ya waandishi. Tena kazi ya waandishi hao ni ngumu kuliko wasomaji wanavyodhani. Kitabu kina mwisho, bali mchezo unaolipiwa kila mwezi hauruhusiwi kwisha, na pande mbili haziwezi kupatana kabisa maana mchezo wenyewe umejengwa juu ya uadui wao. Hivyo Horde inapewa mkuu katili, inamwangusha, inatubu, kisha inapewa mwingine. Ilifanyika hivyo kwa Garrosh, aliyeangamiza mji wa Theramore mwaka 2012 na kuangushwa na watu wake mwenyewe mwaka 2013. Ikafanyika tena kwa Sylvanas.

Mwezi Julai 2021 jimbo la California liliishtaki kampuni kwa madai ya ubaguzi na unyanyasaji wa wafanyakazi wanawake, shauri lililomalizwa kwa makubaliano mnamo Desemba 2023. Kwa wengi, uchungu wa hadithi ulichanganyika na uchungu wa habari hizo, na si rahisi tena kuvitenganisha. Mwishoni mwa 2022 alirejea Chris Metzen, mmoja wa waasisi wa hadithi ya Warcraft na mtu aliyempa sauti yake Thrall, shujaa wa Maorki. Alikuwa ameondoka mwaka 2016. Novemba 2023, katika mkutano wa kampuni mjini Anaheim, alitangaza kisa kimoja cha nyongeza tatu mfululizo, The War Within, Midnight na The Last Titan, na ya kwanza ikatoka Agosti 2024. Shangwe zilikuwa kubwa, ingawa waliokuwa wakishangilia walijua vizuri kwamba ahadi za namna hiyo walikwisha kupewa.

Lakini matumaini hayakuletwa na tangazo hilo peke yake. Katika nyongeza ya Dragonflight, iliyotoka Novemba 2022 bila vita kati ya pande mbili, waandishi walianza kulipa madeni madogo. Novemba 2023 mti mpya, Amirdrassil, ulichanua, na Elfi wa Usiku wakapata makao baada ya miaka mitano. Januari 2024 mji wa Gilneas ulirudishiwa wenyewe, miaka kumi na tatu baada ya kupotea. Kazi zenyewe zilikuwa fupi, na baadhi ya wachezaji walinung'unika kwamba kungoja miaka kumi na tatu kumelipwa kwa kazi ya muda mfupi tu. Wengine walimwingiza mhusika wao wa zamani, ambaye hawakuwa wamemgusa kwa miaka, ili tu asimame kwenye uwanja wa mji wake.

Teldrassil wenyewe umebaki gogo lililoungua baharini. Pwani ya Darkshore amewekwa mhusika mmoja, Zidormi, mlinzi wa nyakati, ambaye akiombwa humrudisha mchezaji katika wakati wa kabla ya moto. Darnassus huonekana tena, na walinzi wake wamesimama mahali pao pa siku zote. Anayetaka kurudi kwenye wakati wake humwendea Zidormi yule yule, akamwomba tena.