Nyuzinyuzi: Hoja Iliyosafiri Kutoka Mulago

Miaka ya 1960 ilipokuwa ikielekea ukingoni na ya 70 ikianza, wanakijiji wachache wa Uganda waliombwa na madaktari wameze vipande vidogo vya plastiki, kisha wakabidhi choo chao chote kikiwa ndani ya mifuko. Mifuko ikapimwa uzito na kupigwa eksirei ili ijulikane vile vipande vimetoka lini. Uingereza nako, mabaharia wa jeshi la majini na wake zao walifanyiwa vivyo hivyo. Majibu yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972. Kwa mwanakijiji wa Uganda, safari ya chakula kutoka mdomoni hadi chooni ilichukua takriban saa 36, na choo cha siku moja kilikuwa na wastani wa gramu 470. Kwa baharia na mkewe safari hiyo ilizidi saa 80, na choo kilizidi gramu 100 kwa kidogo tu.

Kiongozi wa kazi hiyo, Denis Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland, aliyepoteza jicho la kulia akiwa mtoto wa miaka 11. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, na miaka miwili baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Ulimwengu ulimfahamu kwanza kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mtu mwingine angetosheka hapo. Burkitt aliporudi London mwaka 1966 alikutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akidai kwamba sukari nyeupe na unga uliokobolewa ndivyo vyanzo vya kisukari, magonjwa ya moyo, meno mabovu na mengineyo. Wengi walimwona Cleave kama mtu mwenye wazo moja kichwani. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu maelezo ya mzee yule yalifanana na yale aliyoyaona mwenyewe Mulago: miaka yote ile ya kupasua matumbo, ni mara chache mno alikutana na kidole tumbo, vifuko vya utumbo mpana au mawe kwenye nyongo.

Hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliandika mapema katika karne ya 20 kwamba kisukari ni nadra Uganda. Hugh Trowell, aliyekuja Kenya mwaka 1929 kisha akahamia Mulago na Chuo cha Makerere, alitumia ujana wake kupambana na kwashakoo, yaani utapiamlo wa watoto, lakini pembeni alikuwa akiandika orodha ya magonjwa ambayo hakuyaona. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu, na alistahili makala nzima katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki! Mwaka 1960 Trowell akatoa kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, kikasomwa na wachache.

Burkitt ndiye aliyekuwa na kipaji cha kuieneza habari. Alituma maswali kwa barua kwenye hospitali za misheni, hasa barani Afrika, akiuliza idadi ya wagonjwa wa kila aina. Alisafiri na kamera, na matembezi yake ya asubuhi vijijini yalimpatia picha za vinyesi alizowaonyesha maprofesa wa Ulaya na Marekani ukutani bila aibu yoyote. Alipenda kuwaambia kwamba nchi ya watu wenye choo kidogo hujenga hospitali kubwa. Waandishi wakampa jina la Bwana Pumba, na kampuni za nafaka za kifungua kinywa zikachangamkia pumba ya ngano kwa furaha ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa na biashara nyingi kuliko tiba.

Hoja yenyewe, kwamba uhaba wa nyuzinyuzi kwenye chakula ndio chanzo cha magonjwa haya, ilikuwa na matundu, na wakosoaji hawakukawia kuyaonyesha. Wagonjwa wa Mulago walikuwa vijana kuliko wale wa London, na magonjwa haya hupenda wazee. Mkulima aliyekufa kwa kisukari vijijini Lango au Teso, Uganda, pengine hakufika hospitali kabisa, wala hakupimwa mkojo. Tena mtu anayekula matoke, wimbi, viazi vitamu na maharage hatofautiani na baharia kwa nyuzinyuzi peke yake: anatembea, analima, ana mwili mwembamba, na hali nyama kila siku. Burkitt alikusanya mambo mengi yaliyokwenda pamoja, akachagua moja na kuliita chanzo. Magonjwa mengine aliyoyafunga kwenye hoja hiyo, kama vile mishipa ya miguu iliyovimba, ushahidi wake ulibaki hafifu.

Kisukari kilikuwa eneo la Trowell zaidi. Baada ya kuondoka Uganda alipadrishwa katika Kanisa la Anglikana, kisha uzeeni akarudi kwenye utafiti. Mwaka 1972 ndiye aliyetoa maana iliyotumika kwa miaka mingi: nyuzinyuzi ni mabaki ya mimea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyasaga. Mwaka 1975 aliandika kwamba upungufu wa mabaki hayo unachangia kisukari. Ushahidi wake mmoja ulikuwa mkate wa wakati wa vita: Waingereza walipolazimishwa kula mkate wa unga usiokobolewa sana, vifo vya kisukari vilipungua. Aliyemsoma kwa makini angemkumbusha kwamba sukari nayo ilikuwa ya mgao.

Majibu yenye nguvu zaidi yalitoka kwa kijana wa wakati huo, David Jenkins. Mwaka 1976 yeye na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliochanganyiwa unga wa guar, kunde inayolimwa sana India na Pakistan, katika kifungua kinywa chao hawakupandisha sukari kwa kasi kama walipokula bila unga huo. Guar hugeuka ute mzito tumboni. Chakula hutoka polepole, wanga huchelewa kufika kwenye kuta za utumbo, na kongosho halilazimiki kumwaga insulini nyingi kwa mkupuo. Pumba ya ngano, ile iliyokuwa ikiuzwa kwa fujo, haina ute huo. Kwa sukari ya damu ilionekana kuwa dhaifu, ingawa kwa choo kigumu inafaa sana. Kutokana na kazi hii, mwaka 1981 Jenkins akiwa Toronto aliasisi kipimo cha kupanga vyakula kulingana na jinsi vinavyopandisha sukari.

Mwaka uliofuata kundi lake likaeleza jambo la ajabu kidogo. Watu waliokula dengu asubuhi walikuwa na sukari tulivu zaidi hata baada ya mlo wa mchana wa mkate. Ute wa dengu ulikwishapita. Nani basi alikuwa bado kazini?

Sehemu ya jibu imo kwenye utumbo mpana, mahali ambapo Burkitt alipaona kama bomba la kusafirisha mzigo. Humo wamo bakteria matrilioni, na kile ambacho sisi hatuwezi kukisaga wao hukichachusha. John Cummings na wenzake wa Cambridge walithibitisha hilo mwaka 1987 kwa njia isiyo ya kawaida: walichunguza miili ya watu waliofariki ghafla, wakapima asidi zitokanazo na uchachushaji huo ndani ya utumbo na kwenye damu inayotoka humo kwenda kwenye ini. Walizikuta tatu kwa wingi: asetati, propionati na butireti. Butireti nyingi huliwa papo hapo na seli za ukuta wa utumbo. Propionati hukamatwa na ini. Baadaye ikajulikana kwamba asidi hizi hugusa seli za utumbo zinazotoa homoni ya GLP-1, ambayo huliambia kongosho litoe insulini na kulipunguzia tumbo kasi. Ni homoni hiyohiyo inayoigwa na sindano za bei kali zinazotumika sasa kwa kisukari na unene.

Wachina nao wakaja na jaribio la wagonjwa. Liping Zhao na wenzake wa Shanghai waliripoti mwaka 2018 katika jarida la Science kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopewa nyuzinyuzi nyingi za aina mbalimbali, pamoja na dawa yao, walidhibiti sukari vizuri kuliko waliopewa dawa na ushauri wa kawaida wa lishe. Jamii 15 za bakteria wanaotengeneza asidi zile zilikuwa zimestawi, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilivyoshuka.

Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamerudi Afrika Mashariki, safari hii Ziwa Eyasi, Tanzania, kwa Wahadza, ambao mizizi, ubuyu na matunda ya porini huwapa gramu 100 au zaidi za nyuzinyuzi kwa siku. Mwaka 2014 ilielezwa kuwa utumbo wao una bakteria wa aina nyingi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao. Na wale bifidobakteria wanaosifiwa kwenye matangazo ya maziwa mgando hawakuonekana kwa Wahadza watu wazima, na Wahadza hao hawakuonekana kudhurika kwa hilo. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha jaribio la wanaume 77 wa Kilimanjaro. Baadhi waliacha chakula cha asili na kula cha kizungu kwa majuma mawili, wengine wakafanya kinyume. Waliohamia chakula cha kizungu walionyesha dalili za uvimbe mwilini kupitia damu yao, na waliorudi kwenye chakula cha asili zikapungua.

Huku nyumbani, mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam waliripoti kwamba walipima watu 6,299 katika vijiji sita vya Tanzania na kukuta wenye kisukari hawafiki mmoja kwa kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusisha miji na vijiji na kutumia vipimo tofauti, ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Huwezi kuilaumu sembe, unga wa mahindi uliokobolewa, peke yake kwa tofauti hiyo; bodaboda, kazi za kukaa, soda na vitambi vimo. Lakini mashine za kukoboa zimefika kata nyingi, na mwenye kula dona, unga usiokobolewa, anaonekana hana uwezo.

Uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2019, unapendekeza walau gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku. Maharage, kunde, choroko, dengu, mchicha, mtama na dona vinatosha kuzifikisha bila kununua kopo lolote. Asiyezoea aongeze taratibu na anywe maji, maana tumbo litajaa gesi siku za mwanzo. Na mwenye kisukari asiache dawa zake kwa sababu ya makala hii. Aongeze maharage kwenye sahani, apunguze ugali, na kliniki aendelee kwenda.